Simba wa Bahasha: Mama Aliyeichora Nchi kwa Kipande cha Karatasi

Katika sanaa zote za dunia, ni chache zilizoingia katika nyumba nyingi kama stempu ya posta. Picha kubwa za wachoraji mashuhuri hukaa katika majumba ya makumbusho, na anayetaka kuziona hana budi kufunga safari na kulipa kiingilio. Stempu haimngoji mtu. Huja yenyewe ikabisha hodi, imebandikwa juu ya bahasha, ikapokelewa na mama jikoni, ikashikwa na mtoto, ikalowekwa majini ibanduke na kuhifadhiwa katika daftari. Wenzetu wa hapa pwani waliokuwa wakipokea barua kutoka Maskati, Jeddah au London wanayafahamu haya. Wengi wetu tulizijua nyuso za wafalme na mandhari ya miji ya mbali kwa njia ya stempu kabla hatujazisoma vitabuni.

Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza: picha hii imechorwa na nani?

Leo nataka kumzungumzia mama mmoja ambaye kazi yake ilipita katika mikono ya taifa zima, ilhali wengi wa walioishika hawakumjua. Jina lake ni Signe Hammarsten-Jansson. Alizaliwa Uswidi mwaka 1882 na kufariki Helsinki, mji mkuu wa Ufini, mwaka 1970. Alichora zaidi ya stempu 100 za Ufini. Binti yake, Tove Jansson, alisifika duniani kote kwa vitabu vyake vya watoto, na sifa ya binti ikawa kama mwavuli uliomfunika mama. Nia yangu ni kuuinua mwavuli huo kidogo, tumwone aliye chini yake.

BINTI WA KASISI

Bi Signe alizaliwa tarehe 1 Juni mwaka huo katika kijiji cha Hannäs. Baba yake, Fredrik Hammarsten, alikuwa kasisi wa Kikristo, na alipata cheo cha kuhubiri mbele ya jamaa ya mfalme wa Uswidi. Nyumba ilikuwa ya elimu na ya heshima. Mtu angedhani binti wa nyumba kama hiyo angekaa ndani akingoja posa. Sivyo alivyokuwa Signe. Alipanda farasi, alijua kulenga shabaha kwa bunduki, na alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuanzisha uskauti wa wasichana nchini mwake.

Alisomea uchoraji mjini Stockholm, kisha akafundisha kuchora katika shule ya wasichana. Lakini roho yake ilitaka zaidi. Zama zile, kijana yeyote wa Ulaya aliyetaka kuwa msanii alikuwa na kibla kimoja tu, nao ni mji wa Paris. Signe akaenda. Huko, mwaka 1910, alikutana na kijana mchonga sanamu kutoka Ufini, Viktor Jansson. Walioana mwaka 1913, na mwaka uliofuata wakahamia Helsinki. Tarehe 9 Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, alizaliwa mtoto wao wa kwanza, Tove. Baadaye walifuata wavulana wawili, Per Olov mwaka 1920 na Lars mwaka 1926.

Ufini aliyoingia Bi Signe haikuwa bado nchi huru. Ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na uhuru ulikuja tarehe 6 Desemba 1917. Hata furaha ya uhuru haijatulia, mwaka 1918 ndugu waligeukiana kwa bunduki katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Viktor alipigana upande wa Weupe, ambao ndio walioshinda, lakini ushindi huo haukumrudisha nyumbani na moyo ule ule aliotoka nao.

Yafaa msomaji ajue pia kwamba Ufini ni nchi ya lugha mbili, Kifini na Kiswidi. Viktor alikuwa wa jamii ya Wafini wanaosema Kiswidi, kwa hiyo mkewe hakupata shida ya lugha nyumbani. Hata hivyo alikuwa mgeni, ameacha wazazi na ndugu ng'ambo ya bahari. Na mgeni huyu ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kuchora alama ya nchi aliyoolewa.

MFUKO WA NYUMBA

Kuchonga sanamu ni sanaa kubwa, nayo ina gharama kubwa. Udongo hununuliwa, shaba hununuliwa, na karakana hulipiwa kodi. Mchongaji anaweza kufanya kazi mwaka mzima kisha akangoja mwaka mwingine apate mnunuzi. Viktor alikuwa fundi wa kweli, na sanamu zake zimesimama Helsinki mpaka leo. Lakini sanamu haziliwi. Watoto watatu wanataka mkate asubuhi na viatu wakati wa baridi.

Hapo ndipo Bi Signe alipokunjua mikono. Alichora majalada ya vitabu kwa wachapishaji wa Helsinki. Alichora picha za hadithi. Tangu mwaka 1923 alichora katuni katika jarida la kejeli lililoitwa Garm, akitia sahihi yake kwa herufi tatu za mwanzo wa jina la ukoo wake: Ham. Jina hilo likawa ndilo lake hata nyumbani, na wanawe walimwita hivyo mpaka alipokufa. Mwaka 1924 akapata kazi katika kiwanda cha Benki Kuu ya Ufini kilichokuwa kikichapa noti na stempu. Huo ndio ujira uliokuwa na uhakika katika nyumba ile.

Wapo watakaosema: basi alikuwa na bahati, alipata kazi ya kalamu. Ni kweli. Lakini tusisahau kwamba alikwenda Paris akiwa msanii kama mumewe, naye alikuwa na ndoto zake. Katika nyumba ya wasanii wawili, mmoja alipewa karakana na wakati, na mwingine akapewa meza pembeni na tarehe ya kumaliza kazi. Aliyepewa meza ndiye aliyewalisha wote. Walioandika habari za ukoo huu wanakubaliana juu ya jambo hilo, na binti yake alilieleza kwa mapenzi makubwa katika kitabu chake cha kumbukumbu za utotoni cha mwaka 1968, ambacho jina lake maana yake ni "Binti wa Mchonga Sanamu".

Hapa pwani jambo hili si geni. Ni nyumba ngapi zilizosimama kwa sindano ya mama anayetoboa kofia, au kwa ukili wa bibi anayesuka mikeka barazani? Kofia ikavaliwa msikitini na harusini, ikasifiwa, na aliyeitoboa asitajwe. Tukiulizwa nani alikuwa mwenye nyumba tutamtaja babu. Tukiulizwa nani aliyelipa ada ya chuo na shule, tutanyamaza kwanza, kisha tutasema kweli.

UFUNDI WA MAHALI PADOGO

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kuna wanaodhani kwamba kuchora kitu kidogo ni kazi ndogo. Kinyume chake ndicho sahihi.

Mchora stempu huanza kwa kuchora picha kubwa mara kadhaa kuliko stempu itakavyokuwa. Kisha picha hiyo hupunguzwa mpaka ienee katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole gumba. Mstari uliokuwa mzuri katika karatasi kubwa hupotea. Mistari miwili iliyokaribiana huungana ikawa doa. Kwa hiyo mchoraji hana budi kujua tangu mwanzo mistari ipi itaishi na ipi itakufa. Tena picha peke yake haitoshi. Lazima patiwe jina la nchi, na kwa Ufini jina hilo huandikwa mara mbili, SUOMI kwa Kifini na FINLAND kwa Kiswidi, pasiwe na lugha itakayoona imedharauliwa. Lazima patiwe bei, tena isomeke na karani wa posta mwenye haraka.

Juu ya hayo, stempu ni sawa na pesa. Mwizi akiweza kuiiga, serikali imeibiwa. Kwa hiyo mchoro hutakiwa uwe na mistari myembamba iliyopangwa kwa namna ambayo mwenye kughushi hawezi kuifuata. Stempu nyingine huchapwa kwa bamba la chuma. Fundi mwingine huchukua mchoro na kuuchimba chumani kwa ncha kali, kinyumenyume kama unavyoonekana katika kioo. Wino huingia katika mifereji hiyo, na karatasi ikigandamizwa huuvuta nje. Kosa la unywele mmoja litaonekana katika mamilioni ya nakala.

Najua kuna wasomaji wetu wasiopendezwa na michoro ya viumbe, na wanavyuoni wamelizungumza jambo hilo kwa kirefu. Si mimi wa kulifungua wala kulifunga katika ukurasa huu. Lakini adabu ya kalamu ni kitu kinachotambulika popote. Wazee wetu wa Siyu waliokuwa wakinakili Misahafu kwa mkono, wakitia nakshi nyekundu na manjano pembezoni mwa khati nyeusi, walijua kwamba nukta moja ikikosewa maana hugeuka. Mtu wa namna hiyo angemwona Bi Signe ameinamia meza yake, angeelewa mara moja ni kwa nini hataki kusemeshwa.

SIMBA WA NCHI ISIYO NA SIMBA

Kazi yake iliyoenea kuliko zote ni stempu ya simba ya mwaka 1930. Hiyo ndiyo stempu ya kila siku, ya barua ya kawaida, iliyochapwa kwa rangi nyingi na bei nyingi, na iliyotumika miaka ya 1930 na ya 1940.

Simba huyo ni wa ajabu. Ufini ni nchi ya misonobari, maziwa na theluji, na hakuna simba hata mmoja katika misitu yake. Lakini tangu karne ya 16 simba amekuwa katika ngao ya nchi hiyo: amevaa taji, ameinua upanga kwa mkono wa mbele uliovikwa chuma, na miguu ya nyuma inakanyaga upanga mwingine uliopinda, huku mawaridi tisa yamemzunguka. Sisi ambao simba wetu wamo katika ngao ya taifa na wamo mbugani vile vile tunaweza kutabasamu. Wafini walimpokea kwa moyo wote, kwa kuwa taifa change lilihitaji alama ya kujishika.

Bi Signe alipewa kazi ya kumtia mnyama huyo mwenye mapanga mawili, taji na mawaridi katika kipande cha karatasi kisichofika upana wa vidole viwili. Akamtia, na simba akaonekana hai, hakuwa kama paka aliyebanwa mlangoni. Kila aliyeandika barua ya posa, ya rambirambi, ya kudai deni au ya kuomba kazi alimlamba simba huyo mgongoni na kumbandika.

Alama ya nchi hutumika pia wakati nchi inapopigana. Tarehe 30 Novemba 1939 majeshi ya Urusi ya Kisovieti yaliivamia Ufini, na vita hivyo vya majira ya baridi vikaisha Machi 1940. Mwaka 1941 vita vilizuka tena, safari hii Ufini ikiwa bega kwa bega na Ujerumani, vikaendelea hadi Septemba 1944. Jeshi la Ufini lilipoingia Karelia ya Mashariki, simba wa Bi Signe alipigwa chapa ya utawala wa kijeshi juu yake na kutumika huko. Mchoro uliofanywa mezani, karibu na watoto, ukavuka mpaka pamoja na askari.

Na mama huyo huyo alikuwa na mwana mpiganaji. Per Olov alikuwa vitani. Nyumbani nako mlikuwa na vita vyake: baba aliwapenda Wajerumani, na binti aliwachukia waliokuwa wakiitawala nchi yao. Tove alikuwa amekwisha mchora Hitler katika jalada la Garm mwaka 1938 kama mtoto mtundu anayelia apewe keki zaidi na zaidi. Baina ya hao wawili alikaa Ham, akichora na kungoja postamani. Mchora stempu naye huingoja barua kama mama mwingine yeyote.

SADAKA NDANI YA BAHASHA

Kuna upande mwingine wa kazi yake ambao mimi naupenda zaidi kuliko simba. Ufini ilisumbuliwa mno na ugonjwa wa kifua kikuu. Posta ikatoa stempu za hisani zenye bei mbili zilizounganishwa kwa alama ya kujumlisha: bei ya kwanza ni ya kupeleka barua, na nyongeza ndogo ni ya kupiga vita maradhi hayo. Anayenunua hutoa senti chache tu, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Miongoni mwa stempu za namna hiyo zimo za mkono wa Bi Signe, zenye viumbe na mimea ya nchi ile. Kwa kazi hii hakuhitaji upanga wala taji. Alihitaji jicho la mtu aliyepita majira mengi ya kiangazi katika visiwa vya Pellinki, mashariki ya Helsinki, ambako jamaa yake ilikuwa ikienda kila mwaka kuvua, kuogelea na kupumua. Watu wakainunua picha kwa kuwa ilipendeza, na sadaka ikapita humo humo bila mtoaji kujulikana wala mpokeaji kuaibika.

Nilipoyatafakari haya nilijikuta nimeshika kalamu, na ubeti huu ukanijia:

Kipande cha karatasi, kidogo kama ukucha,
Mkono hauna kasi, usiku hadi kukicha,
Taifa zima halisi, ndani yake kaificha,
Jina watu waliwacha, wakashika karatasi.

KISOGO CHA NINA

Wahenga walisema, mtoto hutazama kisogo cha nina. Watoto wote watatu wa nyumba ile walishika kazi za sanaa. Per Olov akawa mpiga picha na mwandishi. Lars akawa mwandishi na mchora katuni. Tove naye alitazama kisogo cha mama yake tangu hajaweza kutembea, kwa kuwa meza ya kazi ya mama ilikuwa nyumbani. Mwaka 1929, akiwa na miaka 14 au 15, alitoa mchoro wake wa kwanza katika Garm, jarida lile lile ambalo mama alikuwa amelifungulia mlango.

Lakini mtoto hujifunza mawili: la kufuata na la kutofuata. Tove alifuata kalamu. Hakufuata ndoa. Katika barua zake za wakati wa vita alieleza kwamba hakutaka kuzaa watoto wa kiume ili waje kuuawa katika vita nyingine, na alikuwa ameona kwa macho yake namna kazi ya mwanamke inavyowekwa pembeni ipate kusimama ya mwanamume. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane. Haiyumkiniki kusema hakuwa ameona.

Mwaka 1945 Tove alitoa kitabu chake cha kwanza cha viumbe wa Moomin: vidude vyeupe, vinene, vyenye pua kubwa kama kiboko, wanaoishi bondeni pamoja kama jamaa moja. Vitabu hivyo vimetafsiriwa katika lugha nyingi. Baba wa jamaa hiyo hupenda safari na ndoto kubwa. Mama hukaa na mkoba wake mkononi, na ndani ya mkoba mna soksi kavu, peremende na dawa ya tumbo. Mgeni yeyote akija hutandikiwa kitanda wala haulizwi atakaa siku ngapi. Tove hakuficha kwamba mama huyo ni Ham.

Viktor alifariki mwaka 1958. Ham aliishi miaka kumi na miwili zaidi, na binti yake alikuwa karibu naye. Alifariki Julai 1970, akiwa na miaka 88. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha mwisho cha hadithi ndefu za Moomin. Ndani yake wageni wanafika bondeni wakati wa vuli, wakitamani kupokewa na mama, na nyumba wanaikuta tupu. Tove hakuandika tena hadithi ndefu ya jamaa ile. Mwaka 1972 alitoa kitabu kingine, Sommarboken, kuhusu bibi mzee na mjukuu wake katika kisiwa kidogo, na bibi huyo ametokana na Ham: mkali kidogo, mcheshi, anavuta sigara kwa siri, haogopi kifo wala mvua.

Hivyo mwanamke huyu aliingia katika sanaa kwa milango miwili. Kwa mlango wa kwanza alichora, na taifa likambandika juu ya barua zake. Kwa wa pili alichorwa, na watoto wa dunia wakamjua bila kulijua jina lake. Mwaka 1992 Posta ya Ufini ilitoa stempu zenye picha za Moomin. Viumbe wa binti wakaingia katika uwanja wa mama, mahali pale pale padogo ambapo yeye alifanya kazi miaka na miaka.

Barua za mkono zimepungua siku hizi, na vijana wetu wengi hawajapata kulamba stempu. Lakini masanduku ya wazee bado yamo majumbani, na ndani yake mna bahasha za zamani. Msomaji akipata nafasi na azifungue, asome khati ya marehemu wake, kisha atazame pembe ya juu ya bahasha. Pale nako yuko mtu aliyekesha.